Kovu la Kisogoni

Mnanicheka, nawaona. Kila nikiingia saluni yenu hapa Mabanga na kujikalia kwenye benchi la wateja, mmoja wenu husema, "Muzee amekuja kutukagua." Sikagui chochote. Mikono yangu siku hizi inatetemeka hata kikombe cha chai kinanishinda, sembuse wembe. Nakuja kwa sababu napenda harufu ya poda na spiriti, na kwa sababu udadisi wangu umekataa kustaafu pamoja nami. Juzi mliniuliza kazi ya unyozi ilikuwaje kabla ya mashine za umeme. Kisha mkaniuliza kwa nini kila mnaponinyoa nawaambia mpite polepole pale kisogoni. Maswali hayo mawili yana jibu moja, ila ni refu, na mimi nikisimulia hupita njia za panya.

Tuanze na wembe. Mashine haijui kama inapita juu ya kichwa cha mtu au juu ya zulia. Wembe unajua, kwa sababu nyuma yake kuna kidole chako. Unalainisha nywele kwa maji ya vuguvugu na sabuni, unangoja kidogo. Wengi hawangoji, ndiyo maana wanakata watu. Kisha unavuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto na kuteremka kuelekea nywele zinakolala. Utosini nywele zinazunguka, kwa hiyo hapo unamzunguka mteja wewe, humzungushi yeye. Mtoto akilia usimbane. Mpe kitana, mwambie na yeye akinyoe kiti. Na wembe mmoja ni kwa kichwa kimoja. Hilo sisi hatukulijua zamani, tulichovya tu kwenye spiriti tukaona yamekwisha, mpaka magonjwa yakatufundisha.

Aliyenipa kazi hii ni Muzee Ramazani. Wazazi wake walitoka Maniema kwa biashara, kama wangu, na kibanda chake kilikuwa Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi, katikati ya wauza vitenge. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Siku niliyoanza kazi alinikalisha kitini akaninyoa kipara yeye mwenyewe, kwa sababu kwake hakuna aliyeruhusiwa kushika wembe kabla hajajua wembe unavyosikika kichwani. Nakumbuka alipofika nyuma, kidole chake kilisimama kidogo, kisha akaendelea. Sikuuliza. Ndiyo siku pekee maishani ambayo sikuuliza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa viazi ambaye alisinzia mara tu alipokaa. Nikamnyoa vizuri kabisa, na katika kujisifu moyoni nikapitiliza nikamfyeka nyusi moja. Nikabaki nimesimama na wembe wangu, jasho linanitoka. Muzee Ramazani akaja, akatazama, akanipokonya wembe bila neno, akaiondoa na nyusi ya pili. Mteja alipoamka alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Hii ni mtindo ya Kinshasa," Muzee akamwambia, uso mkavu.

Wiki haikuisha, wauza viazi wengine wakaja kuutaka mtindo huo.

Sasa liko jambo ambalo hakuna anayekufundisha. Ukinyoa watu wengi unagundua kwamba karibu kila kichwa kina kovu chini ya nywele. Jingine ni dogo kama punje ya mchele, jingine limejikunja kama mnyoo. Mwenyewe kalisahau. Mimi nikiliona tu, ulimi unaniwasha. "Papa, hii ilikupata namna gani?" Na watu wanajibu! Mmoja aligongwa na mchi mama yake akitwanga majani ya sombe. Mwingine alipigwa jiwe na kaka yake wakigombania mua. Muzee Ramazani hakupenda.

"Unauliza mingi, Shabani," aliniambia. "Kile unaona kwa kichwa ya mutu haiko yako. Ngoja akuulize yeye."

Aliishi hivyo, akafa hivyo, akiwa anajua siri za vichwa vya nusu ya mji. Mimi niliyerithi kibanda chake sikuweza kungoja.

Kuna siku, wakati wa uasi, aliingia kamanda mmoja na walinzi wake. Wauza vitenge wote wakaanza kufunga. Akakaa, akaweka bastola mapajani, akasema, "Nyoa." Nikanyoa, mate yamenikauka. Juu ya sikio nikakutana na kovu refu. Nikajiambia, Shabani, nyamaza, una watoto. Mdomo ukasema wenyewe, "Chef, na hii?" Kisha nikaona kwenye kioo uso wake unalegea. "Nilianguka kwa muti ya avoka ya bibi yangu," akasema. "Alikuwa amenikataza kupanda. Nilificha damu na kofia mpaka kofia ikaganda kwa kichwa." Akacheka, walinzi nao wakacheka, halafu mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniinamishia vichwa vyao ili nione na makovu yao.

Walipoondoka niliketi nikiwaza. Yupi alikuwa yeye hasa, yule aliyeingia na bastola au huyu wa mti wa bibi? Swali hilo liliniganda. Niliwauliza wateja wote kuhusu wao, lakini msidhani hata siku moja nilijiuliza kuhusu mimi. Mimi nilijijua. Nilikuwa Shabani Meza.

Jina hilo lilitokana na nywele zangu. Nilizifuga nyingi, zikajaa hadi shingoni, na juu nilizikata bapa, ungeweza kuweka sahani ya wali isimwagike. Nilizipaka kanta na mafuta zikang'aa. Nilikuwa na kiti cha ngozi cha kuzunguka kilichotoka Kampala, kioo kikubwa, na kibao kilichochorwa kichwa changu mwenyewe. Baada ya Muzee Ramazani kufariki sikumruhusu mtu yeyote kunigusa kichwa. Nilijikata mwenyewe kwa vioo viwili. Wenye viti vya plastiki sikuwasalimia kwanza, niliwangoja wao waanze. Mke wangu aliniambia, "Siku nywele zikitoka, sijui tutakuzika ama tutakutafuta." Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma.

Ndipo volkano ikashuka. Ninyi mliozaliwa baadaye mmeona ile nyingine, mnajua mbio zake. Tulikimbilia Gisenyi na watoto na magodoro. Kabla ya kuondoka nilifunga kibanda kwa kufuli kubwa, hebu nifikirieni, naufungia moto mlango. Niliporudi Birere nilipita juu ya mawe meusi yaliyokuwa bado yanafuka, soli za viatu zinanata, na sikuweza kujua kibanda changu kilikuwa wapi. Mtu akaninyooshea kidole akasema labda pale chini. Nililia, na nawaambia wazi kwamba nililia kiti. Watu niliwalia baadaye.

Tukapata kijichumba Ndosho kwa shemeji. Nikatoka nje na wembe mmoja, kipande cha kioo na bidoni la maji la njano la kukalisha wateja. Wateja wangu wa Birere walipita mbele yangu wasinione. Chakula kilikuwa cha shida, lakini kila asubuhi nilizikata nywele zangu bapa. Ndizo pekee zilizobaki za kusema mimi ni nani.

Siku moja akaja mama mmoja mrefu, mwembamba, amejifunga kikwembe cheusi kilichopauka. Jina lake ni Mama Furaha, wa kutoka Masisi.

"Papa, weye uko kinyozi wa kweli ao wa kubahatisha?"

"Niko wa kweli, mama."

"Basi ukuje Jumamosi unyoe watu yangu. Tunamaliza kilio."

Huku kwetu kilio hakiishi kwa kuzika, hilo mnalijua. Kwao wao mjane aliye katika kilio hatii mbegu ardhini mpaka kilio kifungwe, na kinafungwa kwa wembe. Mume wake alikuwa ameuawa wapiganaji walipopita kijijini, na ndugu za mume vita vikawatawanya, kwa hiyo kilio kilibaki wazi, na volkano ikamkuta hivyo. Kanisa lilikuwa limempa kipande cha shamba Kibati. Mvua imeanza, majirani wa shamba wameshapanda maharage, yeye anakaa tu anatazama, na watoto wake wanakula kwenye nyumba za watu. Wembe lazima uanze kwa mtu wa ukoo wa marehemu, ndugu yake akiwepo ni vizuri zaidi, ndipo mjane na watoto wafuate. Shemeji yake mmoja, ndugu wa marehemu, alikuwa ametuma habari kwamba atatoka Rutshuru siku hiyo.

Jumamosi nikafika. Viti vya kanisa vimepangwa, sufuria iko motoni, watoto wamekaa mstari. Tukangoja. Jua likapanda, likaanza kuteremka, ndipo dereva wa lori akaleta habari kwamba barabara imefungwa, watu wanapigana, shemeji amerudi. Wazee wa pale wakaanza kusema tuahirishe.

"Mpaka lini?" Mama Furaha akauliza. "Mvua itaningojea? Hawa watoto watakula hiyo kuahirisha?"

Kisha akageuka, akanitazama mimi niliyekuwa nanoa wembe wangu pembeni.

"Papa kinyozi. Weye ukuje ukae mu nafasi ya ndugu yake."

"Mama, mimi sikumujua hata. Tena niko muislamu."

"Muislamu hana kichwa?"

Watu wakaangua kicheko, hata yeye. Wale wazee wakanong'onezana, wakakubali kwamba mtu akikubali kuwa ndugu mbele ya wote, basi ni ndugu. Ikabaki mimi. Nikasema mgongo unauma. Nikasema lazima nimuulize mke wangu. Nikasema kinyozi hawezi kunyoa na kunyolewa siku moja, jambo nililolibuni hapo hapo. Sababu ya kweli mnaijua. Nilizionea huruma nywele zangu. Niliogopa kwamba zikianguka mbele ya watu wale, chini yake hakutapatikana mtu.

Nilipokosa visingizio, udadisi ukanishinda. "Mama, bwana yako alikuwa na kovu kwa kichwa?"

"Nyuma ya sikio ya kushoto," akasema. "Jembe ya baba yake, akiwa mutoto. Alikuwa anaficha. Ni miye tu nilikuwa najua. Sasa na weye unajua."

Nawaambieni, nimeshika vichwa vya matajiri na vya wezi, lakini kile cha marehemu sikukishika kamwe na ndicho kilichonishika mimi. Nilimwona yule mtu. Nilimwona ni mtoto analia na jembe la baba yake liko chini. Nikajiuliza, hizi nywele ni za nini, Shabani, wakati watoto wa huyu wana njaa? Nikaenda nikakaa chini mbele yake.

"Nani atanyoa kinyozi?" mtu akauliza.

"Miye," akasema Mama Furaha, akachukua wembe wangu.

Alikuwa hajawahi kunyoa mtu maishani mwake. Alianza kavu, nikapiga kelele. "Maji kwanza, mama! Na sabuni. Ngoja kidogo. Vuta ngozi na kidole." Nikamfundisha kazi huku damu inanitiririka shavuni, na wale watoto, ambao siku nzima walikuwa wamenuna, wakawa wanashika matumbo kwa kicheko. Ile meza yangu iliyosifika Birere yote ilianguka kwenye vumbi la Ndosho vipande vipande, na kuku akaja kuidonoa. Nilitazamia maumivu. Nilichosikia ni upepo kichwani, na nikashangaa kwamba ni mzuri.

Alipofika kisogoni kidole chake kikasimama.

"Papa, hii kovu ni ya nini?"

"Kovu gani?"

Akauchukua mkono wangu, akauweka pale. Refu, nene, kutoka kisogoni hadi karibu na sikio. Miaka yote nilikuwa nalipitishia kitana nikidhani ni mfupa. Nikakumbuka kidole cha Muzee Ramazani. Alikuwa ameliona siku ya kwanza, akangoja nimuulize, nami niliyemuuliza kila mtu sikuwahi kumuuliza yeye.

"Sijui, mama," nikasema.

"Weye kinyozi, hujui ya kwako?"

Nikainuka, nikamnyoa yeye na watoto wake, polepole kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Jumatatu alikuwa shambani Kibati na jembe.

Njiani kurudi nyumbani watu walinisimamisha. Kipara huku kwetu kinasema mtu amefiwa, kwa hiyo hata nisiowajua walishika mkono wangu. "Pole, papa. Umefiwa na nani?" Wa kwanza nilimweleza habari yote, mjane, barabara, kila kitu. Wa pili nilimfupishia. Wa tatu alikuwa mama anayeuza makaa, akaniuliza kwa uso wa huzuni kabisa, nikajikuta nasema, "Ndugu yangu." Neno hilo lilinitoka kweli. Hakuna hata mmoja aliyenitambua kuwa ni Shabani Meza, na sikuona haja ya kuwakumbusha. Mke wangu alipofungua mlango alitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Karibu. Nilikuwa ninakungojea."

Maharage ya Kibati yalipotoka, kikapu cha kwanza kilikuja kwangu. Na vita viliporudi miaka ya baadaye, na Kibati ikawa mahali pa majeshi kutazamana, Mama Furaha na watoto wake walishuka na mizigo moja kwa moja hadi mlangoni petu, wakati huo tumeshahamia hapa Mabanga. Hawakubisha hodi ya wageni. Watoto waliniita baba mukubwa mbele ya majirani, na nilipoulizwa hawa ni wa upande gani wa ukoo, nilisema ni wa ndugu yangu, basi.

Lakini kovu liliniwasha. Aliyebaki wa kulijua ni dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, aliyekuwa Kindu. Niliwatuma wachuuzi wanaopanda ndege za mizigo wamuulize. Walirudi wakisema, "Anakusalimia sana." Nikatuma tena, nikaletewa samaki wakavu. Mpaka simu za mkononi zilipofika kwao, nikampigia.

"Kovu? Ile ya nyuma?" akasema. "Shabani, hauijue?"

"Nitaijua namna gani, Yaya? Iko nyuma."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Ni miye nilikuangusha," akasema. "Wakati ya uasi ya Simba, kule Maniema. Tulikuwa tunakimbia, weye uko mu mugongo yangu, na miye mwenyewe nilikuwa mutoto tu. Masasi ya bunduki zikalia, nikaanguka nyuma kwa mawe. Mama tulikuwa tumemupoteza mu ile kundi ya watu. Damu ilikuwa mingi, nikajua umekufa. Njo mama moja akatoka mu majani, na mutoto yake. Akapasua kikwembe yake, akakufunga kichwa. Akakunyonyesha. Akatembea na siye mpaka tukamuona mama."

"Alikuwa nani?"

"Sijui. Luga yake hatukuisikia. Ni wale watu tulikuwa tunawakimbia, Shabani."

"Jina yake?"

"Hatukuuliza."

Niliiweka simu chini. Nilijipapasa kisogo. Nimewahi kujiita mambo mengi, na kibao changu kikayaandika kwa rangi, na moto ukayala yote siku moja. Hili la nyuma halikuungua. Kabla sijajua kwamba naitwa Shabani, kulikuwa na mwanamke wa maadui zetu aliyenitazama akaona mtoto. Nikakumbuka Mama Furaha naye alivyonitazama pale Ndosho, akaona ndugu ambapo mimi niliona nywele. Mpaka leo naulizia. Akija mteja mzee wa kutoka Maniema hapa kwenu, namsogelea, namuuliza kama bibi yake aliwahi kusimulia habari ya kikwembe kilichopasuliwa. Mnadhani napiga soga.

Sasa mmejua. Kwa hiyo vijana wangu, ninyoeni mnavyotaka, hata mkiniondolea nyusi nitasema ni mtindo. Ila mkifika pale nyuma zimeni mashine, tumieni wembe, na mpite taratibu. Pale pana mkono wa mtu.